Hirizi Kwenye Mzani

Nyinyi mnaopima watoto siku hizi mna raha ya ajabu. Mnamlaza mtoto kwenye sahani nyeupe, namba zinawaka zenyewe, mnaandika, haya, mwingine aje. Mzani wetu sisi ulikuwa wa kuning'inia. Tulikuwa tukiutundika kwenye boriti ya veranda, una uso wa duara kama saa ya ukutani, chini yake ndoano, na kwenye ndoano kisuruali cha turubai chenye mtoto ndani. Mtoto analia, anarusha miguu, mshale unacheza kutoka kilo tatu hadi kilo tisa na kurudi, na wewe umekodoa macho, jasho linakuingia, unangoja avute pumzi. Kati ya kilio na kilio kuna nafasi ndogo kama ya kupepesa kope. Hapo ndipo unaposoma. Nimesoma nafasi hizo miaka ishirini na sita katika kliniki moja hapa Garissa, na watoto niliowapima wakipangwa mstari mmoja watafika Liboi mpakani, wafunge barabara, na wa mwisho aambiwe na askari atoe kitambulisho.

Kliniki imeniomba niwaandikie nyinyi mlioajiriwa juzi, hasa kuhusu watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao na mwaka wao wa kwanza. Nilidhani nitaandika kurasa mbili za kuchekesha. Zimekataa kuwa za kuchekesha zote.

Mimi naitwa Mama Mwende, Mkamba wa Mwingi. Nilimfuata mume wangu huku, fundi wa magari ya serikali, nikapata kazi ya kusafisha wodi ya akina mama. Nikajiandikisha masomo ya jioni. Darasani tulikuwa polisi wawili, muuza nyama, mimi, na bibi mmoja aliyesinzia kutoka somo la kwanza mpaka siku ya mtihani, halafu akapita kunishinda. Nilipata cheti changu nikiwa na watoto wanne na mvi tatu. Nikapandishwa cheo kutoka ufagio hadi mzani, na siku hiyo nilitembea mjini kama waziri aliyeapishwa. Nilisalimia hata mbuzi.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Zeinab, muuguzi mkuu wetu, mwanamke wa Elwak, mwembamba kama sindano na mkali kuishinda. Siku ya kwanza alinipa pakiti ya sukari ya kilo moja iliyofungwa kwa nailoni mara tatu. "Kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, pima hii. Ikionyesha kilo moja, anza kazi. Ikionyesha kitu kingine, usimguse mtoto wa mtu." Nikamwuliza, je, kama sukari yenyewe imepunjwa dukani? Akaigeuzageuza ile pakiti mkononi. "Mama Mwende," akasema, "wewe utanimaliza."

Alinifundisha mengine. Mtoto apimwe uchi. Si na kofia, si na soksi, si na ile sweta nene ambayo mama zetu wanawavalisha watoto katika joto la kukaangia mayai. Mtoto mkubwa, sweta haimbadilishi sana. Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake ni wa kuhesabiwa gramu kwa gramu. Gramu hamsini kwake ni habari. Gramu mia ni sherehe. Akikaa mwezi mzima pale pale alipokuwa, hiyo ni king'ora, hata kama anacheka na kila mtu.

Tena alinifundisha kwamba mtoto huyo ana umri wa aina mbili. Kuna ule wa tangu alipotoka, na kuna ule wa tangu alipopaswa kutoka. Aliyekuja wiki nane mapema, akiwa na miezi minne kwenye kalenda, msome kama wa miezi miwili. Somo hili nililipata kwa aibu. Mwanzoni kabisa nilimwambia mama mmoja wa mapacha waliokuja wiki nane mapema kwamba watoto wake wako nyuma sana, nikamchorea kwenye kadi ya ukuaji mistari ilivyo chini, nikatikisa kichwa kama profesa. Alikwenda nyumbani akaanza kuwapa uji. Wiki moja baadaye wakarudi wote wawili wanaharisha. Sista Zeinab akachukua kalamu nyekundu, akatoa zile wiki nane, akaweka nukta mpya. Mapacha walikuwa sawasawa kabisa. "Hawa hawakuwa nyuma," akaniambia. "Wewe ndiye uliyekuwa mbele." Nikajifunza kutoa wiki. Nilijifunza vizuri mno, na hilo mtaliona.

Sasa niwaambie habari ya kunong'ona. Nilipoanza, nilikuwa nikitangaza uzito kama mnadani. Siku moja alipandishwa mzanini mtoto mmoja wa miezi sita, mashavu kama maandazi, nikapiga kelele iliyosikika Dadaab, "Kilo tisa na nusu! Huyu ni ndovu!" Veranda nzima ikageuka. Mama yake akamchomoa mtoto kwenye kisuruali, akamfunika shuka uso mpaka miguu, akaondoka bila kadi. Mama aliyefuata akaninong'oneza, "Abaayo," yaani dada, "sema Mashallah kwanza. Na usitaje mbele ya watu. Jicho ni kitu kweli." Tangu siku hiyo nilinong'ona. Nilimwinamia mama, nikasema Mashallah, nikamwambia namba sikioni. Walinipenda kwa hilo. Walikuwa wakitembea kutoka bula za mbali, vile vijiji vya pembeni, wakipita vituo viwili njiani, kuja kupimiwa na yule Mkamba anayenong'ona. Mimi mgeni, mtu wa Mwingi, Mkristo, Kisomali changu cha kununulia nyama na kusikia ninapotukanwa, lakini bibi zao walikuwa wakiniletea maziwa ya ngamia kwenye chupa. Nikavimba kichwa. Nikajiona mimi ndiye najua heshima ya watu hawa kuliko Zeinab mwenyewe, aliyezaliwa miongoni mwao.

Basi akaja Sahra.

Alizaliwa wiki nane kabla ya siku zake, kilo moja na nusu, ngozi nyembamba mpaka unaona mishipa. Mama yake ni Hodan, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa na watoto wengine wawili nyumbani na mume dereva wa masafa marefu. Aliyekuja kumsaidia ni mama yake mzazi, Dahabo, kutoka Hulugho, ambaye sote tulimwita ayeeyo, yaani bibi. Ayeeyo Dahabo alikuwa amelea mbuzi, ngamia na watoto tisa, na hakuogopa kitu kidogo. Sista Zeinab alipoeleza kwamba mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, Hodan aliona haya. Bibi akafungua kifua chake mwenyewe, akamweka Sahra pale, akajifunga shuka juu. Kwa wiki tano wodini kifua kile hakikupoa. Hodan akilala, bibi yuko macho. Hodan akila, bibi yuko na mtoto. Sahra akafika kilo mbili, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na Zeinab akasema, hatukumtoa sisi huyu, katolewa na bibi yake.

Ziara ya kwanza kliniki Sahra alikuwa na miezi miwili. Hodan alikwenda dirishani kufuata dawa ya kuongeza damu, bibi akabaki nami mzanini. Akamvua mtoto kila kitu, kofia, gauni, nepi. Zikabaki hirizi. Shingoni mbili, vile vifurushi vya ngozi vilivyoshonwa, ndani maandishi ya dua. Bibi akaweka vidole kwenye fundo la kamba, akaniangalia.

"Mama Mwende, hii natoa? Ama nabima nayo?"

Kumbukeni maneno hayo. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye fundo. Alikuwa anafungua.

Na mimi mjuzi wa heshima nikamshika mkono. "Wacha tu, ayeeyo. Haina neno. Ni ngozi tu hiyo, ina uzito gani? Kinga ya mtoto haivuliwi."

Alifurahi sana. Aliniombea dua ndefu. Nikampima Sahra na hirizi zake mbili, nikaandika, nikanong'ona. Nilijiona mtu mwema mpaka jioni.

Mwezi uliofuata hakuuliza tena. Kwa nini aulize? Mwenye mzani alikwisha sema. Hirizi zilikuwa nne, kwa sababu mtoto alikuwa amekohoa. Mwezi wa tatu wa ziara zake kulikuwa na za mikononi pia, kwa sababu ya macho kutoa uchafu, na ushanga kiunoni. Mwezi wa nne akamvalisha bangili mbili nzito za fedha miguuni, zake mwenyewe za usichana, kwa sababu Sahra alikuwa hanyonyi vizuri, na bibi alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huongeza kinga. Kila kitu kilichompungukia mtoto yule, bibi yake alikiona na akajibu kwa njia aliyoijua. Alikuwa akiniletea taarifa kila mwezi, imevalishwa mwilini mwa mtoto, na mimi naiandika kama nyama.

Mstari kwenye kadi ulikuwa ukipanda, sikatai. Ulipanda polepole. Hodan aliniuliza mara moja, "Mama Mwende, mbona mikono yake ni nyembamba hivi?" Nikamjibu kwa ujuzi wangu wote, "Huyu alikuja mapema, abaayo. Toa wiki nane. Usimlinganishe na watoto wa watu. Si unaona anapanda?" Nikamwonyesha mstari. Namba ndiyo iliyomtuliza. Macho yake yalikuwa sahihi, na mimi nikayashinda kwa kalamu. Na wauguzi nao, wenye foleni inayozunguka jengo mara mbili, waliangalia kadi, wakaona mstari unapanda, wakatia sahihi.

Mwezi wa tano nilikuwa likizo Mwingi, nakula maembe. Sista Zeinab alikaa mzanini mwenyewe siku hiyo. Haya alinisimulia yeye. Alimwambia bibi avue kila kitu, na bibi akavua bila neno lolote. Zikatoka hirizi tisa, ushanga, bangili. Zeinab akasoma mzani. Kilo tatu na nusu. Akatazama kadi, mwezi uliopita nilikuwa nimeandika kilo nne. Akadhani mzani umeharibika, akaenda kuleta pakiti ya sukari. Kilo moja barabara. Akampima mtoto tena. Tatu na nusu. Ndipo akachukua zile hirizi na bangili, akaziweka peke yake kwenye kisuruali cha turubai, akazitundika. Karibu nusu kilo.

Watu wakadhani Sahra alikuwa amepungua mwezi ule mmoja. Ukweli ni mbaya kuliko huo. Ukweli ni kwamba hakuna ajuaye. Namba zangu zote za kabla ya hapo zilikuwa mtoto na hirizi pamoja, na kila mwezi hirizi zilikuwa nyingine. Huwezi kurudi nyuma ukatoa. Hakuna daktari wa Nairobi wala wa ng'ambo awezaye kuniambia ni mwezi gani Sahra aliacha kukua. Pengine ni ule wa kwanza baada ya kutoka wodini. Pengine angeshikwa mapema ule mwezi wa pili, kwa kikombe kidogo cha maziwa tu.

Maana tatizo lenyewe lilikuwa dogo, na nawaandikia ili mlijue. Mtoto aliyekuja mapema hunyonya kidogo akachoka. Analala na ziwa mdomoni, na mama anafikiri ameshiba. Halii, hana nguvu ya kulia, na nyumba nzima inasema, Mashallah, mtoto mtulivu. Muogopeni mtoto mtulivu wa aina hiyo. Amshwe, apewe kila baada ya saa mbili, tatu. Akichoka kunyonya, mama ajikamue na mtoto apewe yale maziwa kwa kikombe kidogo, polepole, ameinuliwa. Msiseme "nyonyesha zaidi" halafu mkasogeza foleni. Ombeni mama anyonyeshe mbele yenu, mtazame koo la mtoto kama linameza. Zeinab alipomtazama Sahra siku ile, mtoto alimeza mara sita, akalala. Mara sita! Na maziwa ya Hodan yalikuwa yamepungua kwa kukosa mnyonyaji, na nyumbani walikuwa wameanza kumpa maji ya sukari apate nguvu. Akalazwa siku hiyo hiyo, na kifua nacho kilikuwa kimeanza kubana.

Niliporudi kutoka likizo, Zeinab alikuwa ananingoja na kadi mkononi.

"Mama Mwende, huyu umempima na hirizi?"

"Ndiyo, sista."

"Miezi yote?"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Bibi alikataa kuvua?"

Nilikuwa na nafasi ndogo kama ile kati ya kilio na kilio. Nikafikiria cheti changu. Nikafikiria ufagio. Nikasema, "Si unawajua wazee hawa, sista."

Sikusema alikataa. Mnaona ujanja? Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikusema uongo. Nilisema tu kwamba anawajua wazee. Lakini Zeinab alisikia nilichotaka asikie. Mimi ambaye kila mtu alijua mdomo wangu haufungwi hata kwa msumari, nilifunga hapo hapo.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, ndugu wa Hodan walikuwa wamefika kutoka Hulugho, wanaume watatu na mke wa mmoja wao, wamesimama kuzunguka kitanda. Zeinab akazungumza na bibi mbele yao wote, na mbele ya akina mama wa vitanda sita. Hakupaza sauti. Alisema hirizi zimeficha njaa ya mtoto. Alisema, "Ayeeyo, dua inasikika bila ngozi. Ungekubali kuzivua, tungemwona mapema." Kaka mkubwa akamgeukia mama yake, akamwambia maneno machache kwa Kisomali. Niliyaelewa. Alimwambia, umetaka kutuulia mtoto kwa ukaidi.

Bibi Dahabo akageuza kichwa. Alinitazama mimi, nilikuwa nimesimama mlangoni na shuka mikononi. Hakunikazia macho. Alinitazama tu kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Nikalikunja lile shuka. Lilikuwa limekwisha kukunjwa.

Alikaa siku mbili, akaondoka na wanawe. Hodan hakumzuia. Na kifua kile ambacho Zeinab alisema ndicho kilichomtoa Sahra mara ya kwanza hakikuwapo mara ya pili. Hodan alibaki peke yake, anajikamua, anakimbia nyumbani kwa wale wawili, anarudi, analala ameketi.

Sahra hakufa. Nawaambia haraka kwa sababu najua mnangoja. Alitoka wodini, na kuanzia hapo nilimpima uchi kama samaki, na kila gramu yake niliijua kuliko siku za kuzaliwa za wanangu. Alipotimiza mwaka hakufika kilo sita na nusu. Aliketi peke yake watoto wenzake wakiwa wanasimama. Alitembea baada ya miaka miwili na zaidi. Mzunguko wa kichwa, ambao mimi nilikuwa naupima kwa utepe bila kufikiria, ulibaki chini ya mstari. Leo ana miaka tisa, yuko darasa la pili, ni mdogo kuliko wote, na kusoma kunampa taabu. Nilimwuliza daktari mmoja kama ni kwa sababu ya kuzaliwa mapema au ni kwa sababu ya miezi ile. Akasema hawezi kujua. Watu husema kutojua ni nafuu. Mimi sijaiona nafuu hiyo.

Zeinab alistaafu kabla yangu, akarudi Elwak. Siku ya kumuaga nilitoa hotuba iliyochekesha watu mpaka mmoja akaomba maji. Nilisimulia habari ya pakiti ya sukari. Hii nyingine sikuisimulia. Nami nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani na blanketi, katika Garissa, blanketi! Nikacheka na hapo.

Mwaka jana, mwezi mmoja baada ya Ramadhani, nikasikia sokoni kwamba mama yake Hodan amefariki huko Hulugho na amezikwa huko huko. Nikaenda kutoa pole. Ilikuwa siku ya tatu, asubuhi, nyumba imejaa wanawake, chai inapita. Hodan sasa ni mama wa watoto watano, anauza maziwa, amenenepa, Mashallah, na simu mbili mkononi. Akanikaribisha mkekani karibu naye. Nikasema yale yasemwayo, kwamba mama yake alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu.

"Amin," akasema. Halafu, bila kuniangalia, "Mama Mwende, wewe ulikuwepo. Unajua kwamba sikumpa tena mtoto amshike? Hawa wawili waliozaliwa baada ya Sahra. Alikuja kila mara, na kila mara nasema, mtoto amelala, mtoto ana homa. Alikuwa anakaa pale, pale mlangoni, anawaangalia tu. Halafu anarudi Hulugho."

Nikaweka kikombe mkekani. "Hodan," nikasema, "mama yako hakukataa kuvua hirizi."

Akanigeukia.

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu fundo. Nikamwambia aliniuliza, na mimi ndiye niliyemshika mkono nikamwambia haina neno. Nikamwambia Zeinab aliniuliza nikajibu nusu. Wanawake waliokuwa karibu waliacha kunywa chai. Sikunong'ona.

Hodan akaziweka simu zake mbili mkekani. Halafu akasema, "Alituambia. Jioni ile ile tulipokwenda nyumbani mara moja kutoka wodini alisema, yule Mama Mwende ndiye aliniambia niache. Kaka yangu akasema, sasa unamsingizia mpaka mgeni aliyekuheshimu. Nami nikanyamaza. Kwa sababu wewe ulikuwa unatunong'oneza. Wewe ulikuwa mtu wa kutuheshimu."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono.

"Hiyo baadaye. Walisikia wote siku ile. Watasikia wote leo."

Akachukua simu, akabonyeza, akaweka sauti ya juu, akailaza mkekani katikati yetu. Ikaita. Sauti ya mwanaume ikaitika kutoka Hulugho, nyuma yake mbuzi na upepo. Ni yule kaka mkubwa. Hodan akamsalimia, akamwambia kwa Kisomali kwamba yuko na Mama Mwende wa kliniki, ana neno. Kisha akanisogezea simu. "Sema. Kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Nikasema. Kisomali kiliponiishia nikaendelea kwa Kiswahili, na Hodan akatafsiri neno kwa neno, hakulainisha hata moja. Kaka mkubwa akauliza kitu kimoja tu. Hodan hakuhitaji kunitafsiria.

"Kwa nini hukusema akiwa hai?"

Wanangu, mimi nina jibu la kila kitu. Waulizeni watu wa Garissa. Mtu akiniuliza saa ngapi nampa hadithi. Nilitafuta jibu pale mkekani, na wanawake wote wananingoja, na simu inangoja, na sikupata hata moja la kumpa. Akasema assalamu alaikum, akakata.

Hodan akapiga kwa kaka wa pili. Nikasema tena yote. Akapiga kwa wa tatu, aliyekuwa malishoni, mtandao unakatika, ikabidi nianze mwanzo mara mbili. Akapiga kwa yule shemeji aliyekuwa amesimama karibu na kitanda, na shemeji akalia mpaka nikashindwa kumaliza, Hodan akanimalizia. Chai yangu ilikuwa imepoa. Nilidhani hapo tumemaliza, nikanyoosha mguu niinuke.

"Kaa," akasema Hodan, akipitisha kidole kwenye orodha ya namba. "Kuna wale akina mama wa vitanda sita. Wawili ninawajua."